Viungo vimejaa, marejeleo hayamo

Ndugu washauri,

Salaam. Naandika tasnifu ya uzamili na vyanzo vyangu vingi nimevitoa mtandaoni: makala za majarida, ripoti za mashirika, kurasa za tovuti, video mbili tatu na hata Wikipedia. Msimamizi wangu amenirudishia orodha ya marejeleo ikiwa imejaa wino mwekundu. Karibu kila nilipoandika jina la tovuti na kiungo chake, ameandika pembeni: "Hiki ni kiungo. Rejeleo liko wapi?" Baadhi ya viungo alipovifungua aliambiwa ukurasa haupo. Vingine vilimdai nywila ya maktaba. Kuna pia marejeleo machache niliyopewa na programu ya akili bandia, ambayo anasema ameyatafuta kila mahali bila kuyaona.

Tunatumia mtindo wa marejeleo wa APA (wa Chama cha Saikolojia cha Marekani), lakini mifano ninayoikuta mtandaoni haifanani. Huu unaweka tarehe ya kusoma, ule hauweki. Huu unaanza na "Imepatikana kutoka", ule unaweka kiungo moja kwa moja. Ukurasa usio na mwandishi wala tarehe naurejelea vipi? Nikitaka kunukuu ukurasa usio na namba, nafanyaje? Na je, orodha hii niitupe nianze upya, au inaokoka?

Mwanafunzi wa uzamili aliyekwama

*

Ndugu mwanafunzi,

Inaokoka, ila msimamizi wako ana haki. Kiungo kinaonyesha mahali ulipokikuta chanzo siku ile. Hakisemi chanzo chenyewe ni kipi. Ukurasa ukihamishwa, msomaji uliyemwachia kiungo kitupu hana pa kuanzia. Uliyempa jina la mwandishi, mwaka, kichwa cha kazi na jarida au shirika lililoichapisha atakipata chanzo hata kiungo kikifa. Ndiyo maana kila rejeleo la APA hujibu maswali manne kwa mpangilio huu: nani, lini, nini, wapi. Kiungo ni kipande tu cha jibu la "wapi", nacho hukaa mwisho.

Kwanza tuondoe huo mkanganyiko wa mifano. Unachokiona ni matoleo mawili ya mwongozo mmoja. Toleo la 6 la APA liliagiza kuandika "Imepatikana kutoka" kabla ya kiungo, na mji wa mchapishaji kwenye vitabu. Toleo la 7, lililotoka mwishoni mwa 2019 likiwa na mwaka 2020 kwenye jalada, limeviondoa vyote viwili. Mifano ya zamani bado imetapakaa mtandaoni, na mingi haisemi ni ya toleo lipi. Muulize msimamizi toleo linalotakiwa, kisha usichanganye. Tunayoyaeleza hapa ni ya toleo la 7.

Anza na makala za majarida, maana ndizo zilizo rahisi kuzitengeneza. Nyingi zina DOI, yaani kitambulisho cha kudumu ambacho mchapishaji hukisajili kwa kila makala. Chukua makala maarufu ya mwaka 1953 kuhusu umbo la DNA. Ukiandika "Nature, www.nature.com" hujasema kitu. Rejeleo lake kamili ni hili:

Watson, J. D., na Crick, F. H. C. (1953). Molecular structure of nucleic acids: A structure for deoxyribose nucleic acid. Nature, 171(4356), 737–738. https://doi.org/10.1038/171737a0

Jina la jarida na namba ya juzuu (171) huandikwa kwa italiki. Namba ya toleo iliyo kwenye mabano haina italiki, wala kichwa cha makala. Sasa tazama mwisho. Kila DOI huanza na 10., ikafuatiwa na namba ya aliyesajili, mkwaju (/), kisha alama za kazi yenyewe. Tovuti ya jarida ikibadilika, mchapishaji hurekebisha anwani kwenye rejista, na DOI ile ile inampeleka msomaji mahali papya. Hilo kiungo cha kawaida hakiwezi. Tena usidhani ni kwa kazi mpya peke yake: mfumo huu ulianza kufanya kazi mwaka 2000, lakini wachapishaji wamezisajili makala zao za zamani pia, kama unavyoona hapo.

Andika DOI kama kiungo kamili kinachoanza na https://doi.org/. Ukikuta "doi:" au "dx.doi.org" kwenye makala ya zamani, igeuze iwe hivyo. Usiweke nukta mwishoni, kwa sababu msomaji akiinakili pamoja na kiungo, kiungo hakifunguki. (Mitindo mingine ya marejeleo, MLA na Chicago, huweka nukta, wewe fuata APA.) Makala yenye DOI haihitaji tarehe ya kusoma, wala jina la hifadhidata ya maktaba ulikoikuta.

Kama huioni DOI, nenda search.crossref.org ubandike kichwa cha makala. Ukiipata, ifungue kabla ya kuiandika. DOI zilizonakiliwa kutoka faili la PDF huharibika kwa namna zinazojirudia: nafasi inaingia pale mstari ulipokatika, nukta ya mwisho wa sentensi inaganda nyuma, au sifuri inasomeka kama herufi O kwenye nakala zilizopigwa skani. Kosa la herufi moja linatosha kukuletea ujumbe kwamba DOI haikupatikana.

Vile viungo vilivyodai nywila ulivinakili kwenye upau wa anwani ukiwa umeingia kupitia maktaba ya chuo. Anwani ya namna hiyo huwa na neno "proxy" au jina la chuo katikati, na aliye nje ya chuo hafiki nayo popote. Weka DOI badala yake. Makala ikiwa haina DOI na uliisoma kwenye hifadhidata ya kawaida ya majarida, irejelee kama uliyoisoma kwenye karatasi: mwandishi, mwaka, kichwa, jarida, juzuu, toleo, kurasa, basi. Bila kiungo kabisa. Watu wengi hawaamini hili, lakini ndiyo kanuni: kiungo kisichomfikisha msomaji popote hakimsaidii.

Jamaa zake ni viungo vilivyotoka kwenye ukurasa wa matokeo ya utafutaji, viungo vilivyofupishwa, na vile vyenye mkia mrefu wa ufuatiliaji. Ukiona alama ya kuuliza ikifuatwa na "utm_source" au "fbclid", kata kuanzia hapo, ufungue kilichobaki uone kama ukurasa ni ule ule. Lakini usikate ovyo, kwa sababu kwenye baadhi ya tovuti kinachofuata alama ya kuuliza ndicho kinachotambulisha ukurasa. Kwenye YouTube, kwa mfano, ukiondoa kile kinachofuata "v=" umeipoteza video.

Tuje kwenye kurasa za tovuti, ambako ndiko penye kazi. Kabla hujasema ukurasa hauna mwandishi, jiulize ni nani anayewajibika na maneno yale. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani isiyo na jina la mtu haikukosa mwandishi. Mwandishi ni shirika. Liandike mahali pa mwandishi, na usilirudie kama jina la tovuti baada ya kichwa. Mwandishi akiwa mtu na tovuti ni ya taasisi, hapo andika mtu mwanzoni na jina la tovuti baada ya kichwa. Kichwa cha ukurasa unaosimama peke yake huwa cha italiki. Pale ambapo hakuna mtu wala taasisi inayoonekana, kichwa kinahamia mbele na tarehe inakifuata. Ila chanzo ambacho hakuna anayekubali kuwa ni chake kifikirie mara mbili kabla ya kukijengea hoja.

Tarehe inawaponza wengi zaidi. Mwaka ulio chini kabisa ya ukurasa, pembeni ya alama ya hakimiliki, si tarehe ya maandishi: ni wa tovuti nzima, na mara nyingi hubadilishwa na programu kila Januari. Usiuchukue. Tafuta tarehe ya kuchapishwa karibu na kichwa, au tarehe ya kusasishwa inayohusu maandishi yenyewe. "Ilipitiwa mara ya mwisho" haihesabiki, kwa kuwa ukurasa unaweza kupitiwa na lisibadilike hata neno moja. Ukikosa kabisa, andika h.t., yaani hakuna tarehe. Ukiandika kwa Kiingereza ni n.d. Usikisie mwaka.

Kuhusu tarehe ya kusoma, APA inaitaka kwenye kurasa zilizotengenezwa ili zibadilike, ambazo nakala zake hazihifadhiwi: takwimu zinazosasishwa kila mara, ukurasa wa wasifu kwenye mtandao wa kijamii, ramani inayojirekebisha. Hapo utaandika "Imesomwa tarehe 15 Machi 2024, kutoka" kisha kiungo. Ripoti ya PDF yenye tarehe yake haihitaji. Ukiwahi kuandikia jarida linalotumia MLA au Chicago, utakuta tarehe ya kusoma hutakiwa hasa pale kazi isipokuwa na tarehe yake yenyewe. Na ukiambiwa "tumia Harvard", omba mwongozo wa taasisi husika, kwa sababu mtindo wa Harvard hauna kitabu kimoja kinachoutawala. Kila chuo kina mwongozo wake, na mingi inataka tarehe ya kusoma kwa kila kilicho mtandaoni.

Sasa vile viungo vilivyokufa. Usijilaumu sana. Mwaka 2014 watafiti Zittrain, Albert na Lessig walionyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya viungo kwenye majarida ya sheria ya Harvard waliyoyachunguza havikumfikisha tena msomaji kwenye kilichorejelewa, na kwenye maamuzi ya Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa nusu ya viungo. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani nacho kiliripoti mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Tena kuna ugonjwa mbaya kuliko kiungo kufa: kiungo kinachofunguka vizuri, lakini maneno uliyonukuu yamekwisha badilishwa. Mtahini ataona umenukuu kisichokuwapo.

Kwa vilivyokufa tayari, nenda web.archive.org, bandika kiungo cha zamani, uangalie kalenda ya nakala zilizohifadhiwa. Chagua iliyo karibu zaidi na siku uliyosoma, kisha isome mwenyewe uone kama ina yale uliyoyatumia. Anwani ya nakala hiyo ndiyo unayoiweka kwenye rejeleo. Ndani yake utaona tarakimu 14, kwa mfano 20240315093000: mwaka 2024, mwezi wa 3, tarehe 15, saa 09:30:00 kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa. Tarakimu hizo zinamwambia msomaji ni sura ipi ya ukurasa uliyoisoma, hadi dakika na sekunde. Kwa vilivyo hai, fanya hifadhi yako leo: pale pale kuna kisanduku cha kuhifadhi ukurasa, unabandika kiungo na kusubiri. Baadhi ya tovuti hukataa kuhifadhiwa, na kurasa zinazodai nywila haziwezekani. Kwa hizo, chapisha ukurasa kama PDF uuweke kwenye folda yako, ili mtahini akiuliza uwe na cha kumwonyesha.

Wikipedia ina dawa yake ndani. Fungua historia ya ukurasa, bofya tarehe ya toleo ulilolisoma, na anwani itabadilika iwe na "oldid=" na namba. Hiyo ndiyo ya kunakili. Toleo hilo halibadiliki, kwa hiyo tarehe ya kusoma haihitajiki. Tumia tarehe ya toleo. Kama Wikipedia inakubalika kwenye tasnifu ni suala jingine, na wasimamizi wengi watakuambia uende kwenye vyanzo vilivyotajwa chini ya ukurasa. Nenda, lakini visome. Kunakili rejeleo la Wikipedia na kulifanya lako bila kufungua kazi yenyewe ni kudai umesoma usichosoma.

Kunukuu pasipo namba za kurasa ni kazi ya kuhesabu tu. Hesabu aya tangu mwanzo wa maandishi: (Shirika la Afya Duniani, 2023, aya ya 6). Ukurasa ukiwa mrefu, taja kichwa kidogo cha sehemu kisha aya ndani yake. Hakuna atakayehesabu aya 47. Kwenye PDF, tumia namba iliyochapwa kwenye ukurasa, usitumie ile inayoonyeshwa na programu ya kusomea. Jalada na yaliyomo huhesabiwa na programu, ndiyo maana ukurasa uliochapwa 12 unaweza kuonekana kama wa 18. Kitabu cha kielektroniki kinachosomwa kwenye kifaa kama Kindle huwa na namba za "mahali" zisizomfaa msomaji wa kitabu cha kawaida. Taja sura na aya. Kwenye video, weka dakika na sekunde ambapo maneno uliyonukuu yanaanza, mfano 4:35. Mwandishi wa video kwa APA ni aliyeipakia, hata kama anayezungumza ni mwingine. Msemaji unamtaja kwenye sentensi yako. Baada ya kichwa andika [Video], kisha jina la jukwaa na kiungo.

Barua pepe, ujumbe wa WhatsApp na mazungumzo ya simu haviingii kwenye orodha kabisa, kwa kuwa msomaji hawezi kuvifikia. Vitaje ndani ya maandishi tu, kama mawasiliano binafsi, pamoja na tarehe kamili.

Kama unatumia programu ya kupanga marejeleo, Zotero au Mendeley, endelea nayo, ila usiiamini kwa macho yaliyofumba. Inachukua kile tovuti inachoipa, na tovuti nyingi zinatoa taarifa chafu. Kosa lililo wazi kuliko yote ni taasisi kugeuzwa mtu: programu inaona maneno manne, inadhani la mwisho ni la ukoo, na Shirika la Afya Duniani linatokea kwenye orodha kama "Duniani, S. L. A." Kwenye Zotero kuna kitufe kidogo pembeni ya jina cha kubadilisha sehemu mbili za jina ziwe moja, kibofye uandike jina zima. Kagua pia vichwa vilivyoandikwa kwa herufi kubwa tupu, majarida yaliyoingizwa kama kurasa za tovuti, na tarehe ya kusoma inayojiingiza hata pasipotakiwa. Rekebisha ndani ya programu, si kwenye tasnifu, la sivyo kosa litarudi orodha itakapojisasisha.

Neno moja la mpangilio: kiungo kirefu kinapofika mwisho wa mstari, kiache kijikate chenyewe. Usibonyeze kitufe cha mstari mpya katikati na usiongeze kistari, kwa sababu vyote viwili vinakuwa sehemu ya anwani na kuivunja.

Tumelibakiza la akili bandia kwa kuwa ndilo linaloweza kukufikisha mbele ya kamati ya nidhamu. Programu hizi hutunga maneno yanayofanana na rejeleo: mwandishi anayejulikana kwenye fani, jarida lililopo kweli, mwaka unaoaminika, hata DOI yenye umbo sahihi, na makala hayo yasiwepo. Wakati mwingine DOI inafunguka na kukupeleka kwenye makala ya jambo jingine kabisa, kwa hiyo kufunguka peke yake hakutoshi. Kwa kila rejeleo ulilopata huko, bandika DOI kwenye doi.org ulinganishe kichwa, neno kwa neno, pamoja na jina la mwandishi, na vilivyo kwenye rejeleo lako. Kama haina DOI, tafuta kichwa kizima ndani ya alama za kunukuu, kisha fungua tovuti ya jarida uangalie juzuu na kurasa zilizotajwa: kama kurasa 112 hadi 130 za juzuu hilo ni za makala ya mtu mwingine, umepata jibu.

Kama programu yenyewe imekusaidia kuandika na chuo kinaruhusu, itaje waziwazi. APA humchukua mtengenezaji wa programu kuwa mwandishi, ukafuata mwaka, jina na toleo la programu, aina yake kwenye mabano ya mraba, na anwani. MLA haikubali iwe mwandishi. Inaanza na maelezo ya ulichoiuliza. Kwa vyovyote vile, programu haiwezi kuwa chanzo cha madai kuhusu dunia, kwa hiyo kilichosemwa nayo kitafutie kazi iliyoandikwa na mtu au taasisi inayoweza kuulizwa.

Anza na hayo ya akili bandia kabla ya kugusa nukta na italiki. Rejeleo lililopatikana, lisome ndipo libaki. Lisilopatikana lifute, kisha rudi kwenye sura lilikotajwa: sentensi iliyolitegemea itafutie chanzo cha kweli, na ikikosa, ifute nayo.